Ukucha wa Mtoto Haufichi Moshi

Wengi wetu hupima moshi wa sigara kwa pua. Harufu ikiisha, tunasema chumba kimetulia. Lakini pua huzoea. Mgeni anayepiga hodi huinusa nyumba yako kabla yako wewe uliyelala humo. Tena anayeishi na mvutaji halishwi moshi kwa mkupuo. Anaupata kidogo kidogo, kila jioni, kwa miaka, na jumla hiyo ya miaka ndiyo ngumu kuiona.

Hesabu ya daftari

Andika nani huvuta ndani, chumba gani, sigara ngapi kwa siku, na tangu lini. Tuseme baba huvuta tano kila usiku sebuleni tangu mtoto azaliwe. Kwa mwaka ni sigara 1,825. Mtoto akitimiza miaka sita, zimeshawaka 10,950 chini ya paa lake, naye hajashika hata moja. Uliza kwa upole: mvutaji akihisi anashtakiwa, tano zitakuwa mbili. Usimsahau mjomba wa Jumapili, wala jirani wa chumba cha pili ambaye moshi wake hupita juu ya ukuta usiofika darini. Waliopanga wanaelewa.

Usiidharau hesabu hii. Mwaka 1981 Takeshi Hirayama wa Japani alichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 wanawake 91,540 walioolewa, ambao wenyewe hawakuvuta sigara. Kipimo chake kilikuwa swali tu: mumeo anavuta kiasi gani? Kadiri mume alivyovuta zaidi, ndivyo hatari ya mke kufa kwa saratani ya mapafu ilivyopanda.

Kinachobaki mwilini

Nikotini ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa kotinini, ambayo hupimwa katika damu, mate au mkojo. Ila kotinini haikai: kwa kawaida nusu yake hutoweka kila baada ya saa 16 hadi 20 hivi. Mkojo wa Jumatatu utakusimulia mwisho wa wiki, si mwaka jana.

Kwa muda mrefu zaidi, watafiti hutumia nywele. Hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, hivyo sentimita tatu za karibu na ngozi hubeba habari za miezi mitatu. Kwetu hapa nywele zina matata yake. Mvulana wa shule kanyolewa kipara. Mama katia dawa, na dawa za kubadilisha nywele, hasa za rangi, hupunguza nikotini iliyomo. Ndipo ukucha wa mguu unapofaa. Hukua polepole mno, milimita moja au mbili kwa mwezi, na kipande unachokikata leo kilianza kuota miezi mingi iliyopita. (Usiende zahanati ya mtaani kudai kipimo hiki, kwa kawaida hufanywa katika utafiti.)

Na moshi wa jiko?

Mashine inayohesabu chembe laini za hewani haijui kutofautisha sigara na mkaa, kuni au chetezo cha udi. Kwake vyote ni moshi, na kweli vyote huumiza mapafu. Nikotini ndiyo inayomtaja mhusika, kwa sababu hewani hutoka kwenye tumbaku. Kwa hiyo watafiti huning'iniza sebuleni kibeji chenye kichujio kilichotiwa dawa ya kuinasa, kikae wiki moja au zaidi bila kuhitaji umeme. Hata vumbi la zulia hupimwa. Nikotini hung'ang'ania mapazia na magodoro, na mtoto anayetambaa huishika kisha akatia vidole mdomoni.

Ukishajua

Hakuna kiwango cha moshi wa sigara kilicho salama. Kufungua dirisha au kuwasha feni huupunguza tu, na kuvutia chooni ni kuuhamisha. Mvutaji atoke nje kabisa, mbali na mlango, hata mvua ikinyesha.

Katika daftari lile lile andika tarehe ya sigara ya mwisho kuvutwa ndani. Ukimpeleka mtoto kliniki kwa pumu, kikohozi kisichokwisha au sikio linalotoa usaha, lichukue. Muuguzi akiuliza kama nyumbani kuna anayevuta, mfungulie ukurasa wa hesabu.