K. L. Jhaveri: Wakili Aliyevuka Mnazi Mmoja

Ukimuuliza msomi wa chuo akutajie mwanasheria aliyekuwa pia mtunga sheria, wengi watasema Abraham Lincoln, wakili wa Illinois aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Sawa, hajakosea. Lakini mtu wa aina hiyo tulikuwa naye hapa hapa Dar es Salaam, na kwenye madesa niliyopitia anapewa nusu mstari, akibahatika. Ni K. L. Jhaveri. Mimi nasomea ualimu, Historia ndiyo somo langu, kwa hiyo nusu mstari huo unanihusu.

Tuanze na ramani. Dar es Salaam ya mkoloni iligawanywa kwa rangi: Wazungu pwani kuelekea Oysterbay, Wahindi katikati ya mji, Waafrika Kariakoo. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja. Leo tunakatiza pale kuwahi daladala, hatuna habari kwamba ule ulikuwa mpaka. Ng'ambo yake, New Street, sasa Mtaa wa Lumumba, ndiko TANU ilikozaliwa tarehe 7 Julai 1954.

Jhaveri, wakili mwenye asili ya Gujarati, angeweza kubaki upande wake wa uwanja. Hakubaki. Yeye na wenzake wa Asian Association, kama Amir Jamal na M. N. Rattansey, waliiunga mkono TANU.

Mwaka 1958 msimamo huo ulipata mtihani. Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa kashfa ya jinai, kisa makala ya gazeti la Sauti ya TANU iliyowashutumu maDC wawili. Hapo kumbuka jambo moja: hata tulipopata Uhuru mwaka 1961, mawakili Waafrika walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Sasa nani angesimama? Kutoka Uingereza alikuja D. N. Pritt, yule aliyemtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Wa hapa nchini walikuwa Rattansey na Jhaveri.

Kesi walishindwa. Agosti 1958 Mwalimu alipewa faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi 6, akalipa faini. Ila Jhaveri alikuwa ameshaonekana na serikali na wateja wake amesimama na nani, kabla mtu yeyote hajajua Uhuru utakuja lini.

Kisha ukaja uchaguzi wa 1958 na 1959. Ili upige kura ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa unaotambuliwa. Halafu kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. TANU ilikubali kwa shingo upande, kwenye mkutano wa Tabora wa Januari 1958, kisha ikawaunga mkono Waasia na Wazungu walioamini usawa. Kwa njia hiyo Jhaveri aliingia LEGCO, yaani Baraza la Kutunga Sheria, akiwakilisha Dar es Salaam. Alikalia kiti kilichotengwa kwa rangi yake, akiwa na chama kilichotaka viti vya rangi vife.

Na kweli vilikufa. Oktoba 1961, kwenye mjadala wa uraia, baadhi ya wajumbe walitaka uraia uende kwa rangi. Mwalimu akawaambia serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali hilo. Kufika 1965 viti vya rangi havikuwepo, na watu wa Morogoro walimchagua Amir Jamal kwa kura za kawaida.

Kwa nini nayasema haya leo? Kwa sababu bado Kariakoo kuna kijana aliyezaliwa hapa, baba yake kazaliwa hapa, na anaulizwa, "Wewe kwenu wapi?" Tukienda kufundisha kwa vitendo, watoto watatuuliza swali hilo hilo kwa namna yao. Mwalimu asiye na jibu atajibu kwa utani, na utani huo watoto wataubeba.

Ukipangiwa mada ya kudai Uhuru, jaribu maswali haya darasani:

1. Chora Mnazi Mmoja ya 1958. Nani aliishi upande gani, na nani alivuka?
2. Je, kesi iliyoshindwa inaweza kumsaidia mshtakiwa? Vipi?
3. Ungekuwa mjumbe wa TANU pale Tabora, ungekubali kura tatu? Toa sababu.

Swali la tatu lipe muda. Hapo darasa litagawanyika, na ndipo somo litakapoanza.