KUJUA SI KUZUIA: UTABIRI NA TAHARUKI KATIKA FILAMU YA KNOWING
Somo la uhakiki kwa Kidato cha Tatu na cha Nne



Katika miaka ambayo nimesahihisha karatasi ya fasihi, kuna jibu moja ambalo hunihuzunisha kila ninapokutana nalo. Mtahiniwa ameulizwa aeleze matumizi ya kisengere mbele. Anaandika: "Kisengere mbele kimetumika. Mhusika anasema mambo mabaya yatatokea, na kweli yanatokea." Hapo anaweka nukta na kukimbilia swali linalofuata. Hajakosea. Ametaja mbinu na ametoa mfano. Ila hajasema mbinu hiyo inafanya kazi gani katika hadithi, na alama za maelezo zinampita.

Somo hili linahusu ile sentensi ya tatu ambayo hakuiandika.

Kwa makusudi nimechagua kazi ambayo haimo kwenye orodha ya vitabu teule: filamu ya Knowing, iliyoongozwa na Alex Proyas na kutolewa mwaka wa 2009. Kichwa chake maana yake ni "kujua". Nimeichagua kwa sababu hutapata mahali popote jibu lake la kukariri. Itabidi ufikiri. Ukishaweza kuihakiki hadithi usiyoizoea, riwaya na tamthilia ulizozisoma mara tatu hazitakushinda.

MALENGO YA SOMO

Kufikia mwisho wa somo uweze:
(a) kutofautisha utabiri, kisengere mbele na sadfa;
(b) kueleza jinsi taharuki inavyoweza kudumu hata pale mwisho unapojulikana;
(c) kujibu swali la "thibitisha" na la "jadili" kwa hoja zilizokamilika.

1. MSUKO KWA UFUPI

Hadithi inaanza mwaka wa 1959 katika shule ya msingi mjini Lexington, jimbo la Massachusetts, Marekani. Wanafunzi wanachora picha za jinsi wanavyodhani dunia itakavyokuwa baadaye. Michoro hiyo itatiwa katika chombo cha chuma na kufukiwa ardhini, ifukuliwe baada ya miaka 50. Msichana aitwaye Lucinda Embry hachori. Anajaza karatasi yake tarakimu tupu. Muda unapokwisha, mwalimu anamnyang'anya karatasi kabla hajamaliza. Baadaye Lucinda anapatikana amejificha shuleni, vidole vikivuja damu. Tarakimu zilizobaki amezichora mlangoni kwa kucha.

Mwaka wa 2009 chombo kinafukuliwa, na karatasi ya Lucinda inamwangukia mvulana aitwaye Caleb. Babake, John Koestler, ni profesa wa fizikia ya nyota. Amefiwa na mkewe katika moto wa hoteli. Usiku mmoja John anaweka glasi yake juu ya karatasi, nayo inaacha duara la maji kuzunguka tarakimu 911012996. Anazitazama. Wamarekani hutanguliza mwezi kabla ya siku: mwezi wa 9, tarehe 11, mwaka wa 2001; waliokufa, 2,996. Anaendelea kusoma na kugundua kwamba karatasi nzima ni orodha ya majanga ya miaka hamsini, kila moja na tarehe yake na idadi ya waliokufa. Matatu bado hayajatokea.

La kwanza ni ajali ya ndege inayoua watu 81. La pili ni ajali ya treni ya chini ya ardhi jijini New York. La tatu ni mlipuko wa miale ya jua utakaoteketeza dunia. Wakati huohuo, wageni wasiosema kwa sauti, wanaoitwa wanong'onezi, wanamwandama Caleb na Abby, mjukuu wa Lucinda. Mwishoni wanawachukua watoto hao wawili katika chombo cha angani. John haruhusiwi kuingia. Anaendesha gari hadi Boston kwa wazazi wake, anamkumbatia babake ambaye hawakuwa wakielewana, na moto unawakuta pamoja. Watoto wanaonekana katika ulimwengu mpya, wakikimbia kuelekea mti mkubwa.

2. UTABIRI, KISENGERE MBELE NA SADFA

Watahiniwa wengi huyachanganya haya matatu. Yatenganishe hivi.

Utabiri ni kauli au ishara ya mhusika ndani ya hadithi kuhusu yatakayotokea. Karatasi ya Lucinda ni utabiri. Katika fasihi simulizi unawajua watabiri: Syokimau wa Wakamba na Mugo wa Kibiro wa Wakikuyu, wanaosimuliwa kuwa waliona ujio wa wageni na reli kabla ya wakati wake.

Kisengere mbele ni mbinu ya msanii. Ni yeye anayemdokezea msomaji au mtazamaji yanayokuja, na wakati mwingine mhusika mwenyewe hana habari. Mapema katika filamu, John anawafundisha wanafunzi wake kuhusu Jua, na kuwauliza kama mambo hutokea kwa mpango au kwa bahati tu. Hatabiri chochote. Anafundisha tu. Ila msanii amekwisha kutuwekea mezani mambo mawili yatakayoamua mwisho: Jua, na swali la mpango.

Sadfa ni mambo mawili kukutana bila kupangwa. Kati ya karatasi zote, ya Lucinda inamfikia mtoto wa mwanasayansi. Kati ya tarakimu zote, glasi inazungushia zile ambazo kila Mmarekani anazijua. Hizi ni sadfa. Lakini mtahiniwa makini huuliza: je, ni sadfa kweli, au ni mpango usioonekana? Filamu nzima imejengwa juu ya swali hili. Ukiliuliza katika jibu lako, mtahini atajua kwamba umeielewa kazi, si mbinu pekee.

3. TAHARUKI

Tumezoea kusema taharuki ni hamu ya kutaka kujua kitakachotokea. Basi hapa pana tatizo: tumekwisha kuambiwa kitakachotokea. Tarehe tunayo. Idadi ya watakaokufa tunayo. Taharuki inatoka wapi?

Utabiri hauui taharuki. Unaihamisha. Badala ya kuuliza "nini kitatokea?" tunauliza "huyu anayejua atafanya nini?"

Tazama ajali ya ndege. John ana tarehe na idadi ya watakaokufa, lakini hajui tarakimu zilizobaki zinamaanisha nini. Amekwama katika msongamano wa magari barabarani. Anaangalia kifaa cha kuelekeza njia ndani ya gari na kuona latitudo na longitudo: ndizo tarakimu zilezile. Mahali palipoandikwa ni hapo alipo. Dakika chache baadaye ndege inaanguka mbele ya macho yake. Tuliambiwa siku, na bado tukashtuka, kwa kuwa hatukujua kwamba msomaji wa utabiri angekuwa ndani yake.

Kwa hiyo unapoandika kuhusu kisengere mbele, jiulize maswali matatu: Nani anajua? Nani haamini? Kujua huko kunambadilisha vipi anayejua? Majibu yake ndiyo sentensi ya tatu tunayoitafuta.

4. WAHUSIKA KATIKA KIOO CHA UTABIRI

Lucinda ni mjumbe asiyesikilizwa. Angalia kwamba tarakimu zilizoachwa nje ya karatasi ndizo zilizokuwa za maana zaidi: zilionyesha mahali pa wokovu. Zilibaki mlangoni kwa nusu karne kwa sababu mtu mzima alikuwa na haraka. Hapa pana maudhui ya nafasi ya mtoto katika jamii, ambayo wengi hawayaoni.

John ni msomi aliyepoteza imani. Baada ya kifo cha mkewe aliamua kwamba mambo hutokea ovyo, bila maana. Kinaya ni kwamba yeye, asiyeamini mpango, ndiye anayeuona mpango. Na yeye, mwana wa mchungaji aliyemkimbia babake, ndiye anayerudi nyumbani kufa mikononi mwake.

Diana, mamake Abby, anaukimbia utabiri. Mamake, Lucinda, alimwambia tarehe ya kifo chake: 19 Oktoba. Anawabeba watoto kwenda kuwaficha mapangoni. Njiani wanong'onezi wanaondoka na gari lenye watoto, naye katika kuwafukuza anagongwa na lori na kufa katika tarehe ileile.

Caleb hutumia kifaa cha kumsaidia kusikia, na kupitia kifaa hicho anasikia minong'ono ambayo wengine hawaisikii. Ni jazanda nzuri: anayedhaniwa hasikii vyema ndiye anayesikia zaidi.

5. SAYANSI NA UBUNIFU

Hadithi ya kisayansi huanza na jambo la kweli kisha hulikuza. Jua kweli hulipuka. Mwaka wa 1859 dhoruba ya jua ilivuruga mitambo ya simu za maandishi katika nchi kadhaa. Machi 1989 dhoruba nyingine ilizima umeme katika jimbo la Quebec, Kanada, kwa muda wa saa 9 hivi. Huo ni ukweli. Kuteketea kwa dunia nzima kwa mlipuko mmoja ni ubunifu. Jua letu halina milipuko ya nguvu hiyo, na dunia ina angahewa na ugasumaku vinavyotukinga.

Usipoteze muda kuilaumu hadithi kwa kuukuza ukweli. Uliza ukuzaji huo unatumikia nini. Msanii alihitaji janga lisilozuilika hata kwa elimu, fedha au silaha, ili mhusika abaki na swali moja tu: nitazitumia vipi saa zilizobaki, na pamoja na nani?

6. SWALI LA MFANO NA JIBU

"Kujua janga si kulizuia." Thibitisha kauli hii ukirejelea filamu ya Knowing. (alama 10)

(i) Lucinda anajua majanga ya miaka hamsini, lakini ni mtoto na hakuna anayemsikiliza. Karatasi inafukiwa na majanga yanatokea yote. Kujua bila kuaminiwa hakuzuii.
(ii) John anajua tarehe ya ajali ya ndege lakini hajui maana ya tarakimu za mahali hadi anapojikuta papo hapo. Kujua nusu hakuzuii.
(iii) John anajua siku na mahali pa ajali ya treni. Anawapigia simu wapelelezi wa serikali, kisha anaenda mwenyewe. Anamshuku na kumkimbiza mtu ambaye kumbe ameficha bidhaa za wizi tu, na treni inaacha reli. Kujua tukio si kujua chanzo chake.
(iv) Diana anajua tarehe ya kifo chake na anafanya juhudi kuikwepa. Mbio zake ndizo zinazomfikisha kwenye ajali.
(v) John anatambua kuwa mlipuko wa jua utapenya hata mapangoni. Elimu yake ya fizikia inamwezesha kuuelewa mwisho, wala si kuuahirisha.

Hesabu: kila hoja ina tukio (alama 1) na maelezo yanayolirudisha kwenye kauli ya swali (alama 1). Hoja tano, alama kumi. Ukisimulia matukio matano bila kuyarudisha kwenye kauli, utapata tano.

Sasa badilisha neno moja. Swali likisema "Jadili", usiishie upande mmoja. Onyesha pia mahali ambapo kujua kulizaa matunda: John hakuiokoa dunia, ila alipojua alikubali kumwachilia mwanawe apone, na alipata saa chache za kupatana na babake. Waswahili husema ajali haina kinga. Filamu inakubali, kisha inaongeza: haina kinga, lakini kuna namna ya kuikabili.

7. MASWALI YA MAZOEZI

1. Tofautisha utabiri na kisengere mbele kwa mifano miwili miwili. (alama 4)
2. Eleza jinsi kinaya kilivyotumiwa kumjenga mhusika John. (alama 6)
3. "Watoto ndio wenye masikio katika jamii ya Knowing." Jadili. (alama 10)
4. Chagua tukio moja la utabiri au kisengere mbele katika kitabu teule unachokisoma. Lijibie maswali matatu ya sehemu ya 3. (alama 10)

NENO LA MWISHO

Swali la nne ndilo kazi ya leo. Usifungue mwongozo wowote, pamoja na huu. Chukua kitabu chako teule, tafuta pale ambapo mhusika aliambiwa jambo mapema, halafu andika aya moja. Ukifika mahali ambapo ungeweka nukta na kuhama, simama. Andika sentensi moja zaidi inayoanza na "Hii inaonyesha kwamba…"

Hiyo ndiyo ambayo mtahini anaingoja.