Kunywa Maji, Mdogo Wangu

Mdogo wangu uliyeniuliza kama utaweza kupanda basi la Mwanza ukiwa na mfuko tumboni, jibu ni ndiyo, nenda harusini. Ila kuna neno moja ulilitaja kwa kupita tu, nami limeninyima usingizi. Umesema siku ya safari huli wala hunywi tangu alfajiri, ili mfuko usijae. Basi sogeza mkeka tukae, wewe na wenzako wote mlioondolewa utumbo mpana kwa ajili ya vidonda.

Hofu hiyo naijua, nimelala nayo kitanda kimoja. Mwaka wangu wa kwanza na stoma, ule mdomo wa utumbo uliotolewa nje ya tumbo, nilikuwa bingwa wa kushinda njaa. Siku moja nikaanguka kwenye foleni ya benki, misuli ya miguu imekaza kama kamba ya ng'ombe. Watu wakasema presha, mmoja akasema mashetani. Maji yalikuwa yameniishia mwilini, basi.

Kazi kubwa ya utumbo mpana ni kufyonza maji na chumvi. Ukishatolewa, maji hayo yanashuka mfukoni usiku na mchana, ule usile. Ukijinyima, mfuko hauachi kujaa. Unayekauka ni wewe. Na usikimbilie kunywa ndoo ya maji matupu, kwani yakizidi yanatoka na ile chumvi kidogo uliyobaki nayo. Tia chumvi kwenye uji na supu. Changanya ORS kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, uiweke kwenye chupa, unywe funda moja moja njiani. Ukiona mkojo umekolea kama chai ya rangi na kichwa kinazunguka, ujue umeshachelewa. ORS ikishindwa kukurudisha, nenda hospitali. Na wanaofunga Ramadhani, zungumzeni na daktari kabla mwezi haujaandama. Mgonjwa ana ruhusa yake, na kufunga kwetu sisi kuna hatari ambayo jirani yako hana. Habari za udhu na swala mpelekee sheikh bila kuona haya. Si wewe wa kwanza kumuuliza.

Mwingine ameniuliza kwa nini stoma yake imechomoza kama chuchu, anaona haya hata kuitazama. Mpenzi wangu, hicho kichomozo ndicho kinachokulinda. Zamani utumbo uliletwa sawasawa na ngozi, na yale majimaji makali yakiichoma ngozi mpaka inachubuka. Mwaka 1952 daktari mpasuaji wa Birmingham, Uingereza, Bryan Brooke, akaeleza namna ya kuipindua ncha yake kwa nje, kama unavyokunja mkono wa shati, ili uchafu udondokee mfukoni. Itazame kwenye kioo. Ikiwa nyekundu na yenye unyevu, kama ndani ya mdomo wako, ni nzima. Ikigeuka nyeusi, usisubiri kesho.

Mliotengenezewa kifuko cha ndani kwa utumbo wenyewe, badala ya mfuko wa nje, msiogope kwenda chooni mara 4 hadi 8 kwa siku. Kwenu hiyo ndiyo kawaida. Zikizidi ghafla, pamoja na homa au tumbo kukata, huenda kifuko kimevimba, na mara nyingi antibiotiki hukituliza. Usijinunulie dukani.

Kuhusu chakula sitawachosha. Wiki 6 hadi 8 za mwanzo ziacheni karanga, mahindi ya kuchoma, vipande vya nazi na uyoga. Baadaye jaribu kimoja kimoja, kidogo, ukitafuna kama bibi asiye na haraka. Stoma ikinyamaza kwa saa kadhaa, tumbo linakata na unatapika, kumeziba: hospitali. Na ukikikuta kidonge kizima mfukoni usicheke, dawa hiyo haijakusaidia. Mwambie daktari, hasa kama ni ya kupanga uzazi.

Nimefika kwenye ndoa, nanyi mlikuwa mnasubiri. Kungwi wangu alinifundisha mengi, hili hakuligusa. Mimi humwaga mfuko kwanza, nikajifunga kanga kiunoni. Mume wangu aliuliza swali moja tu: "Nikikugusa hapo utaumia?" Nililia, kwa miezi yote ile nilidhani anaona kinyaa. Kuzaa kunawezekana. Kwa waliopasuliwa hadi nyonga, mimba inaweza kuchelewa, kwa hiyo ulizeni kabla ya upasuaji, si baada.

Na mkidhani maisha yameishia hapo, kuna mchezaji mmoja wa ule mpira wa Kimarekani wa kugongana, Rolf Benirschke wa San Diego Chargers. Alipasuliwa kwa ugonjwa wetu huu mwaka 1979, akarudi uwanjani 1980. Nikikumbuka kwamba mimi nilishindwa kupanda daladala, naona aibu kidogo.

Haya, Mwanza. Kata kiti cha kando ya njia, ili usiwaruke watu. Mwaga mfuko kabla ya kupanda, kisha kila basi linapochimba dawa, ukiwa theluthi tu. Mkobani weka mifuko ya akiba uliyokwisha kuikata tundu, tishu, mfuko wa taka na kanga ya pili. Mkoba huo usiuache juani, gundi itayeyuka. Kunywa chai asubuhi kama kawaida yako, na mkate. Ukifika nitumie picha ya bibi harusi.