Mzee Amerudi Nyumbani: Baada ya Upasuaji wa Saratani ya Tezi Dume

Kijitabu hiki ni cha nyinyi mnaoishi naye: mke, watoto, wakwe na wajukuu. Hospitali mzee hulala siku chache tu, lakini kupona kwenyewe huchukua miezi, na miezi hiyo ataimalizia kwenu. Someni kwa sauti, naye akiwepo. Wapo wazee ambao kidonda kilifunga vizuri kabisa, kisha wakajifungia chumbani mwaka mzima kwa sababu ya mkojo ambao hakuna aliyethubutu kuutaja.

Mpira wa mkojo

Tezi dume imekaa chini ya kibofu, na njia ya mkojo inapita katikati yake kama uzi ndani ya ushanga. Katika upasuaji huu ushanga wote huondolewa, kisha kibofu kikashonwa moja kwa moja na njia iliyobaki. Mpira anaorudi nao, aghalabu kwa wiki moja hadi mbili, ndio unaolinda mshono huo mpaka ushike. Usivutwe, usikunjwe, wala usitolewe ila na waliompasua au kwa maelekezo yao. Ukichomoka wenyewe, hata kama ni usiku wa manane, mtu yeyote asijaribu kuurudisha nyumbani. Pigieni simu wodi aliyotoka na muondoke naye. Yeyote atakayempokea njiani aambiwe mapema: huyu ametolewa tezi dume.

Mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu muda wote, na mdomo wake usiguse sakafu. Umwageni kabla haujajaa, mikono ikioshwa kwa sabuni kabla na baada. Mpira unapoingilia mwilini paoshwe kila siku kwa maji na sabuni. Mkojo kuwa na wekundu kidogo, hasa akitembea au akijikamua chooni, ni jambo la kawaida. Korodani kuvimba na kuvilia damu siku za mwanzo pia si ajabu.

Nani amwage mfuko? Kaeni mlizungumze. Mkwe wa kike kumhudumia baba mkwe sehemu hizo ni mzigo kwa wote wawili, na mzee atauacha mfuko ujae hadi aumie kuliko kumwita. Mara nyingi mjukuu wa kiume anafaa kuliko wote. Babu na mjukuu ni watani, na utani huo hupunguza aibu.

Wiki 6 za mwanzo

Atembee kila siku, kidogo kidogo, hata kama ni kuzunguka ua tu. Kulala mchana kutwa kunaweza kugandisha damu miguuni. Asibebe kitu kinachozidi dumu la lita 5. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na jembe lisubiri. Baiskeli na bodaboda pia, kwa sababu kiti kinakandamiza pale pale penye mshono. Choo kisiwe kigumu: papai, mboga za majani, na maji ya kutosha, isipokuwa kama daktari amempunguzia maji kwa ajili ya moyo au figo. Asipigwe bomba hata kidogo, maana utumbo wa haja kubwa uko nyuma kabisa ya mshono.

Mrudisheni hospitali bila kungoja asubuhi iwapo mkojo umeacha kutoka, unatoka na mabonge ya damu, ana homa ya nyuzi 38 au zaidi, kidonda kinatoa usaha, mguu mmoja umevimba na kuuma, au kifua kinambana na pumzi kumpaa. Akianza kuchanganyikiwa, akimwita mwanawe kwa jina la mtu mwingine, msiseme ni uzee. Kwa mtu wa umri huo huenda ndiyo dalili ya kwanza ya maambukizi.

Mkojo unapomtoka

Mpira ukishatolewa, karibu kila mmoja huvujisha mkojo. Kabla ya upasuaji eneo la tezi lilisaidia kuuzuia. Sasa kazi hiyo imebaki kwa misuli ya chini peke yake, na misuli hiyo haijazoea. Utamtoka akikohoa, akiinuka kwenye kiti, na zaidi jioni misuli ikichoka. Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya miezi 3 hadi 12. Mzee wa miaka 70 huchukua muda zaidi kuliko wa miaka 55, na kuchelewa huko hakumaanishi ameshindwa.

Misuli hufundishwa. Akaze kama anayezuia ushuzi mbele za watu, bila kubana tumbo wala pumzi, ahesabu hadi 5, aachie, apumzike. Arudie mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Asianze mpira ukiwa bado ndani. Daktari wa Marekani, Arnold Kegel, alieleza mazoezi haya mwaka 1948 kwa ajili ya wanawake waliojifungua, kwa hiyo huenda mama wa nyumba hiyo aliyafundishwa kliniki zamani. Basi amfundishe mumewe.

Asiache kunywa maji kwa kuogopa kulowa. Mkojo mzito huwasha kibofu na kuzidisha haja. Pedi za watu wazima zipo kwenye maduka ya dawa. Zikiwashinda bei, vipande vya khanga kuukuu, vikifuliwa, kuanikwa juani na kupigwa pasi, vinafaa. Msimtandikie nailoni kitandani huku mkinong'ona. Mwambieni waziwazi kwamba ni ya muda.

Asikose ibada kwa ajili hii. Kwa Waislamu, ambaye mkojo unamtoka bila kukoma hutawadha wakati wa kila sala unapoingia, akajistiri kwa kitambaa safi, akasali. Amuulize sheikh wake, ataelezwa.

Chumbani

Haya yawe kati ya mume na mke. Mishipa ya fahamu ya kusimamisha uume inapita pembeni kabisa mwa tezi. Hata ikisalimishwa, huweza kuchukua hadi miaka 2 kurejea, na kwa wazee wengine hairejei kikamilifu. Akifika kileleni hatatoa manii, kwa sababu viungo vinavyoyatengeneza vimeondolewa. Hamu na raha vinaweza kubaki. Mama, kumbatio lako lisingoje nguvu zirejee.

Dawa za nguvu za kiume zinazouzwa stendi na mitandaoni aziepuke. Sildenafili, ambayo wakati mwingine huchanganywa humo kwa siri, ikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti hushusha presha hadi kuua. Daktari anayo njia ya kumsaidia, lakini lazima aulizwe.

Kipimo cha PSA

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume; tezi ikiwa imetoka, PSA kwenye damu inapaswa kushuka karibu na sifuri. Hupimwa wiki 6 hadi 12 baada ya upasuaji, kisha kwa miaka mingi. Ikifika 0.2 na kuendelea kupanda, bado kuna tiba, ikiwemo mionzi, inayotolewa katika hospitali za Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando, Mwanza. Umri peke yake haumfungii mtu mlango wa tiba hiyo: Nelson Mandela alipewa mionzi kwa saratani hii hii mwaka 2001, akiwa na miaka 83, akaishi hadi 2013.

Andikeni tarehe ya kipimo kijacho kwenye kalenda ya ukutani, sebuleni, mahali ambapo watoto wa kiume watauliza ni ya nini. Baba akiwa na saratani hii, hatari kwao huongezeka karibu mara mbili, na wenye miaka 45 wanapaswa kuzungumza na daktari sasa. Ni heri wasikie kutoka kwa baba mwenyewe.