Mimea Yenye Sumu Karibu na Nyumba

Katika vijiji vya Dodoma mbwa hulinda nyumba na mifugo. Lakini mimea mingine iliyo karibu na nyumba yaweza kumdhuru.

Mmoja ni mbarika, uitwao pia nyonyo. Mmea huu hustahimili ukame, na mbegu zake hukamuliwa mafuta. Ndani ya mbegu mna sumu kali. Mbwa akiitafuna mbegu, ganda lake gumu huvunjika na sumu hutoka. Sumu hiyo haiingii katika mafuta, bali hubaki katika mashudu. Kwa hiyo mashudu yanayotiwa bustanini kuwa mbolea nayo ni hatari.

Mwingine ni mnyaa, ambao hupandwa kuwa ua. Utomvu wake mweupe huchoma kinywa na macho, ya mbwa na ya mtu pia.

Mbwa aliyekula nyonyo hutapika na kuharisha, na aweza kufa. Dalili huweza kuchelewa saa kadhaa. Usizingoje: mwambie mzazi amwite bwana mifugo upesi.

Maswali

1. Kwa nini kutafuna mbegu ya nyonyo ni hatari?
2. Mashudu ya nyonyo yawekwe wapi? Eleza sababu.