Siku ya Kwanza ya Darasa la Ushairi

Mwaka jana, katika mkutano wa kwanza wa chama chetu cha ushairi, tuliwasimamisha wageni wa Kidato cha Kwanza mmoja mmoja ili kila mmoja atoe shairi. Mmoja wao alipotewa na vina, nasi tukamcheka. Hakurudi tena chamani. Nami nilikuwa miongoni mwa waliocheka.

Muhula huu mwalimu alinipa kazi ya kuwafungulia wageni darasa hilo, nikaiona kuwa ni deni la kulipa. Haya ndiyo tuliyoyafanya. Huenda yakawafaa na wengine.

Kwanza, majina. Kila mtu alitaja jina lake, na sote tukalipigia makofi, kofi moja kwa kila silabi. Juma alipata mawili, Selemani manne. Hivyo wageni walijifunza mizani kabla hatujalitamka neno hilo. Ubishi ulipotokea tuliukata kwa makofi: "mtoto" ni mizani tatu, kwa kuwa "m" yake husimama peke yake, lakini "mbuzi" ni mbili tu, kwa kuwa "m" yake imeshikana na "b".

Pili, vitendawili. Aliyeshindwa kutegua alitoa mji, wala hakuona haya, kwani kutoa mji ni sehemu ya mchezo wenyewe.

Tatu, kupokezana vina. Tuliketi duara. Wa kwanza alisema "shambani", wa pili "kisimani", na kadhalika. Aliyekosa neno alipiga kofi moja tu, akampisha jirani yake.

Nne, ubeti wa pamoja. Tulichagua tarbia, yaani ubeti wa mishororo minne, kila mshororo una mizani kumi na sita: nane za ukwapi na nane za utao. Sheria hizi zimeelezwa katika kitabu cha Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotoka mwaka 1954. Walakini siku hiyo hatukukifungua. Tuligawanyika makundi manne, kila kundi likatoa mshororo mmoja:

Kengele imeshalia, tutokeni mabwenini,
Uji twaukimbilia, na vikombe mikononi,
Mgeni akifikia, mkaribisheni ndani,
Nyumbani akililia, aambiwe, "U nyumbani."

Utao wa mshororo wa mwisho ulitoka kwa mgeni mmoja ambaye tangu afike hapa shuleni hatukuwahi kuisikia sauti yake. Alihesabu kwa vidole chini ya meza, kisha akausema polepole. Hakuna aliyecheka. Tuliupigia makofi manane.

Msomaji aweza kuuliza, je, huu si mchezo tu? La. Kwa saa moja wageni walijua mizani, vina na mgawanyo wa mshororo, na kila mmoja alisikika mbele ya wenzake pasipo kusimamishwa peke yake. Makosa yasahihishwe, lakini yangojee siku ya pili. Mwenye kuogopa hafundishiki.

Ndugu yule tuliyemcheka nimemwendea bwenini, nikamwomba radhi. Amesema atafikiri. Nafasi yake katika benchi la mbele tumeiacha wazi.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne