Picha zipi zinalipa Kahama na Geita?

Nina kamera nzuri na lenzi mbili. Nibobee kwenye harusi?

Barua za aina hii ni nyingi, kuanzia Kahama hadi Katoro, nazijibu kwa pamoja. Mnaiandika Sh600,000 ya harusi kana kwamba yote ni faida. Haya, tuhesabu. Msaidizi wa video Sh100,000, mhariri Sh150,000, albamu Sh90,000, nauli na bodaboda Sh40,000. Umebaki na Sh220,000, na hujagusa kodi ya fremu wala betri iliyokufa. Tena hiyo ni kama umelipwa yote. Kamati hutoa nusu, nyingine utaambiwa mtamalizana siku ya kuvunja kamati, na siku hiyo bajeti imeishia kwenye vinywaji. Kwaresima ikiingia, Wakatoliki hawaozi. Ramadhani nayo vilevile kwa Waislamu. Huku kwetu, mpunga na pamba vikishauzwa ndipo watu huoza. Pigeni harusi, lakini msikodi fremu ya mwaka mzima kwa hela ya msimu.

Wachimbaji wana hela. Nihamie machimboni?

Mchimbaji ana hela siku duara, yaani shimo lake, limetema. Mwezi unaofuata anadaiwa hadi na mama lishe. Wanaolipa mwaka mzima ni wale wanaomuuzia: wenye karasha, pampu, mota na vipuri. Tangu 2018 Geita ina maonesho ya teknolojia ya madini. Pita mabandani uhesabu mabango yenye picha za mashine zilizookotwa mtandaoni. Kazi yako iko pale. Piga karasha lenyewe, asubuhi kabla jua halijawa kali, fundi akiwa kando ili mnunuzi ajue ukubwa wake. Vumbi la mawe litoe kwenye lenzi kwa pampu ya mkono, kisha brashi laini. Ukifuta kwa shati umeikwaruza. Na ukiitwa kupiga dhahabu yenyewe, vaa nguo nyeusi: ile punje huakisi kila kitu, hata rangi ya fulana yako.

Kuna mtu ananiuzia “kibali cha mpiga picha wa mgodini”. Nilipe?

Usilipe. Huyo ni tapeli.

Migodi mikubwa hupitia orodha ya wazabuni, na kanuni za madini za 2018 zinawapa Watanzania kipaumbele. Andaa TIN, leseni ya biashara na risiti ya EFD, kisha uwe na akiba ya kusubiria malipo. Usimtegemee mteja mmoja: mgodi wa Buzwagi ulisimamisha uzalishaji 2021, na waliokuwa wakiuhudumia peke yake hapa Kahama waliisoma namba.

Pasipoti saizi zimeuawa na simu?

Zimekufa kwa anayekaa dukani kungoja mteja. Shule zina vitambulisho na mahafali kila mwaka. Nenda kwa mkuu wa shule na bei ya kila mwanafunzi iliyoandikwa.

Na droni?

Kama huna kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, iache kabatini.